Friji ya Mama Duka

Ijumaa, 2 Februari

Baba Watoto,

Salamu utazipata kwa watoto. Mimi sina.

Leo Kifaranga ameng'olewa jino la pili. Ameng'olewa kwenye kliniki ninayofanya kazi, juu ya kiti ninachokifuta mimi kila asubuhi, na aliyemshikia daktari taa ni mimi mama yake. Mtoto wa miaka mitano! Daktari akaniuliza, kwa upole ule unaouma kuliko tusi, "Huyu mnampa nini nyumbani?" Wenzangu wote wakageuka kuniangalia. Mimi ndiye ninayewakaripia akina mama wa watu kuhusu peremende kutwa nzima. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani kwangu hapati vitu hivyo. Kwako ndiko anakovipata. Jumapili iliyopita yeye na dada yake, Dada Mkuu, walirudi ndimi nyekundu kama wamelamba ukuta uliopakwa rangi leo. Nikakagua mkoba, nikakuta vifuko vitupu vya barafu za mtaani, vimenata hadi kwenye daftari la hesabu. Maji, sukari na rangi. Ndicho unachowalisha siku mbili wanazokuwa na baba yao?

Tulikubaliana mbele ya mama yangu na kaka yako kwamba simu basi, maana kila tukipigiana majirani wanapunguza redio wasikilize vizuri. Tukasema tuandikiane, barua ziende na mkoba wa Dada Mkuu Ijumaa na zirudi Jumapili. Haya, nimeandika. Watoto wakirudi tena na ndimi za rangi, kuja kulala kwako kumekwisha. Utamwona Kifaranga akishaota ndevu.

Sitanii hata kidogo.

Mama Watoto


Jumapili, 4 Februari

Mama Watoto,

Barua yako nimeirudia, maana mara ya kwanza nilidhani imeandikwa na hakimu.

Kwanza, jino. Unafikiri sikuumia? Kifaranga aliponifungulia kinywa nione pengo, alijivuna kama aliyerudi vitani. Nilitoka nje nikajifanya natafuta bisibisi. Lakini wewe unaandika kana kwamba nilikaa kitako nikapanga jinsi ya kumharibia mwanangu meno. Jua lilikuwa kali, watoto walitaka kitu baridi, nikawanunulia walichokuwa wananunuliwa watoto wenzao. Hata wewe ulipokuwa na mimba ya Dada Mkuu ulikuwa unanituma barafu hizo hizo, na ukizikuta zimeyeyuka unanuna.

Pili, usinitishe kwa watoto. Nisute, nitukane, lakini hilo la "hawaji tena" usiliandike tena. Nina siku mbili tu katika wiki.

Tatu, barafu za rangi zimekwisha. Jana tumetengeneza zetu. Nilinunua embe zilizoiva mpaka zinatoa machozi, ndizi zenye madoa meusi na papai moja. Dada Mkuu ndiye aliyekuwa msimamizi. Amerithi sauti yako ya kuamrisha. Alisaga embe kwa uma kwenye bakuli, akachuja nyuzi, kila mtu anayepita anaambiwa aoshe mikono. Kifaranga alimenya ndizi, moja kwenye bakuli, moja mdomoni. Tukachanganya na mtindi, tukamimina kwenye vikombe vidogo, tukachomeka vijiko vya chai kwa kuwa vijiti hatukuwa navyo. Sukari hakuna, hata ya kuonjea. Rangi ni ile aliyoiweka Mungu.

Asubuhi tulipovitoa vikombe Kifaranga alipiga yowe hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Akala ya embe, akala ya papai. Papai, yeye! Yule anayetapika akisikia harufu yake! Basi jikoni kwangu mambo yamebadilika, mwambie na daktari wako.

Baba Watoto


Ijumaa, 9 Februari

Baba Watoto,

Wiki nzima sina amani katika nyumba yangu. Ni embe, ni ndizi, ni "baba alisema hivi", "baba anakoroga hivi". Nimewauliza maendeleo ya shule nikajibiwa habari za mtindi. Niseme ukweli, ndimi zilirudi na rangi ya ndimi, na kwa hilo nimenyamaza. Sikusema asante. Mtu hashukuriwi kwa kuacha kufanya ubaya.

Kijiko cha chai kilichoganda kimembandua Kifaranga ngozi ya mdomo. Hukuona? Chuma kilichotoka kwenye barafu hakilambwi, na wewe ni fundi friji, mtu ambaye baridi ndiyo kazi yake! Nimemwekea Dada Mkuu kwenye mkoba pakiti ya vijiti vya mbao, vile vya kukandamizia ulimi. Nimevinunua, sikuviiba kliniki, usije ukanisema.

Sasa nijibu jambo moja bila kuzunguka. Jumamosi usiku walikula nini? Walirudi Jumapili wakaivamia sufuria yangu kama nzige. Kifaranga alikula sahani mbili akalala na kijiko mkononi. Nikamuuliza Dada Mkuu, "Baba alipika nini?" Akaniangalia kama shahidi aliyefundishwa na wakili. "Tulikula vizuri." Vizuri ndiyo chakula gani? Akaniambia ana kazi ya shule akaondoka.

Uliniambia umepanga nyumba ya vyumba viwili na jiko. Basi lile jiko uliwashe. Barafu si chakula cha jioni, hata iwe ya matunda ya peponi.

Mama Watoto


Jumapili, 11 Februari

Mama Watoto,

Asante kwa vijiti. Unaona? Mimi neno hilo halinikwami kooni.

Kijiko ni kosa langu. Mdomo wa mtoto nimeupaka mafuta na tumeyamaliza, mimi na yeye.

Lakini kuwahoji watoto wangu ukome. Dada Mkuu amekuja Ijumaa amejikunyata. Anakula kucha. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Mama atauliza tena." Mtoto wa darasa la nne anatembea baina ya nyumba mbili kama mpelelezi, na mpelelezi huyo ameajiriwa na wewe. Walikula, walishiba, walilala. Kama walikula sahani mbili kwako, si usifu tu upishi wako? Zamani hilo lingekufurahisha.

Wiki hii tulijaribu tikiti maji. Limetushinda. Lina maji mengi, likaganda likawa jiwe, Kifaranga akaligonga kwenye ukingo wa meza mpaka likaruka likampata paka. Dada Mkuu akasema tikiti lazima lipate ndizi ndani yake ndipo lilainike. Tukalisaga upya na ndizi na maji ya ndimu, likawa zuri. Nimemwambia akikua atakuwa fundi kuliko mimi. Akacheka, na ndiyo mara pekee aliyocheka kwa siku zote mbili. Fikiria juu ya hilo badala ya sufuria zangu.

Baba Watoto


Ijumaa, 16 Februari

Wewe,

Barua hii haiji na mkoba wa Dada Mkuu. Inakuja na kaka yangu, kwa sababu watoto hawaji. Wamelala hapa, kesho wanalala hapa, na keshokutwa.

Jana nilikuwa namwogesha Kifaranga. Mtoto akiwa na sabuni kichwani hawezi kudanganya, anaogopa macho yatawasha. Akaanza mwenyewe, wala sikumhoji. "Mama, ile ya embe tuliiweka kwenye friji ya Mama Duka. Ile ya tikiti tukaiweka kwenye friji ya Mwalimu, ya kijivu, inanukia vizuri ndani. Na safari hii baba amesema tutaweka kwenye friji ya Bi Harusi, ina maua mlangoni!"

Mama Duka. Mwalimu. Bi Harusi!

Nilimmwagia maji, nikamfuta, nikamvisha. Kisha nikaketi juu ya ndoo mpaka miguu ikafa ganzi. Kumbe ndiyo maana Dada Mkuu hasemi. Kumbe ndiyo hiyo nyumba ya vyumba viwili na jiko. Jiko lipo, ila kila Jumamosi ni la mwanamke mwingine! Wewe unapikiwa, watoto wangu wanakaa kwenye viti vya watu wanalamba barafu wasikusumbue. Na huyo wa tatu ni bi harusi kabisa. Ni wako au ni wa mtu?

Tuliachana, sawa. Una haki ya kumpenda umtakaye, mpende hata shetani. Lakini kuwazungusha watoto wangu nyumba hadi nyumba kama sinia la kuazima, na kuwafundisha wanifiche, hilo sitalisamehe. Ulikuwa unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, embe, ndizi, papai, nami mjinga nikatuma na vijiti!

Usije kubisha hodi hapa.

Mama yao


Jumapili, 18 Februari

Mama Watoto,

Shemeji amenikabidhi barua yako kwa mkono wa kushoto na uso wa mazishi. Nimeisoma mbele yake nikacheka, akataka kunipiga. Kisha akaondoka, na kicheko chote kikaniisha.

Umeishi na fundi friji miaka kumi na moja. Hujui friji za watu hulala kwa fundi? Mama Duka ana miaka sitini na friji yake ilikuwa haigandishi. Mwalimu ni mwanamume, ana ndevu hadi kifuani. Bi Harusi simjui hata kwa sura. Friji yake ililetwa na kaka zake kwenye mkokoteni, ni zawadi, imeharibika kabla hajaitumia. Zote zilikuwa karakana. Friji ukishaitengeneza hairudishwi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Unaiwasha, unaijaza vitu vyenye maji, unaiacha usiku kucha, asubuhi unaangalia imegandisha namna gani. Ukiijaribu tupu haikwambii kitu. Zamani nilikuwa naweka chupa za maji. Sasa naweka vikombe vya wanangu. Wenye friji wanajua, na Mama Duka aliomba aachiwe kimoja.

Hao ndio wake zangu. Waandikie barua.

Sasa nisikilize na mimi. Ijumaa nilinunua matunda. Nilichagua embe moja moja, Kifaranga hapendi zenye nyuzi. Nikaosha vikombe. Nikakaa mlangoni. Kila mkoba unaokatiza barabarani nasimama. Badala ya watoto akaja kaka yako. Mpaka Jumamosi mchana embe zilikuwa zimeanza kuchacha, nikazisaga peke yangu, nikazigandisha peke yangu, nikazila peke yangu nimesimama. Unajua hasira niliyokuwa nayo? Niliuvunja mlango wa friji moja mbovu kwa teke na kidole cha mguu kimevimba hadi leo.

Umewanyima watoto baba yao kwa maneno ya mtoto mwenye sabuni kichwani. Ijumaa ijayo nawataka hapa.

Na usije kuchungulia. Hapa ni kwangu, nakaa nipendavyo. Kama una neno, andika.

Baba Watoto


Jumatano, 21 Februari

Baba Watoto,

Nimekuja. Uliponiambia nisije ndipo nilipojua nitakuja. Umetoka kwenda kwa mteja, mchomeleaji wa jirani akanifungulia, akaniita shemeji, akanipa na kiti. Barua hii naiandikia nyumbani, nitaileta niiache kwake.

Nilikuja kutafuta mwanamke. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, maneno niliyapanga mpaka nikayapenda. Nikakuta chumba kimoja nyuma ya karakana. Godoro moja, limebanwa kati ya friji ya maua na ukuta. Pembeni boksi la friji limefunguliwa, limetandikwa shuka. Ile shuka yetu ya michirizi. Mchomeleaji anasema watoto wanalala godoroni na wewe unalala kwenye boksi. Ukutani mwenye nyumba ameandika kwa chaki, herufi kubwa, JIKO MARUFUKU, GESI. Nikageuka huku, nikageuka huku. Hakuna jiko. Hakuna hata pasi. Kuna mkate kwenye mfuko, kuna ndizi, kuna kisu, kuna bakuli, kuna uma.

Ningekukuta na mwanamke ningejua pa kuanzia.

Mkate na ndizi, basi! Ndicho chakula chao cha Jumamosi usiku, na barafu ya matunda asubuhi. Nilikaa kwenye kile kiti nikahesabu vipande vya mkate, na nakuambia haikuwa huruma, usijidanganye. Ilikuwa hasira. Hukuniambia. Vyumba viwili na jiko! Uliniandikia "jikoni kwangu", uliandika kwa kalamu yako! Mficha uchi hazai. Ungesema huna mahali, tungejua la kufanya. Badala yake umempa mtoto wa miaka kumi uongo aubebe, ukubwa wa nyumba nzima, na jiko lake. Ndiyo maana anakula kucha. Mwalimu wake ameniita, anasema anasinzia darasani. Mimi nilimtafutia dawa ya minyoo!

Unanilaumu kwamba ninamhoji. Kama kusingekuwa na kitu cha kuficha, angenijibu akaenda kucheza.

Watoto wangu hawalali tena katikati ya mitungi ya gesi ya mchomeleaji. Hili si la kujadiliwa, si kwa barua wala kwa wazee.

Mama Watoto


Alhamisi, 22 Februari

Mama Watoto,

Umeingia kwangu sipo. Umehesabu mikate yangu. Sasa umeridhika?

Mitungi ya gesi inakaa upande wa mchomeleaji, imefungwa kwa mnyororo. Upande ninaolaza watoto kuna friji na ndoo ya maji. Usiandike kama nilikuwa nawalaza juu ya moto.

Unauliza kwa nini sikusema. Ningesema nini, na kwa nani? Siku ile nilipoondoka, jiko nililiacha kwako kwa sababu watoto wanakaa kwako. Sufuria nimeziacha kwako. Kitanda, meza, feni. Sikuandika barua kudai kijiko. Nilidhani kufikia mwezi huu ningekuwa nimepata nyumba. Sijapata. Ningekuambia ukweli ungefanya nini? Hiki hiki unachofanya leo! Ungesema "watoto wangu hawalali hapo", na mimi ningebaki natazama barabara. Basi nilidanganya, na ningedanganya tena, na ninakuambia nikiwa na akili zangu timamu.

Wewe una kila kitu cha kumfanyia mtoto. Unamwogesha, unampikia, unampeleka kwa daktari, unamfundisha hesabu. Mimi nikae nao siku mbili niwafanyie nini bila moto? Niwakodolee macho? Nilikuwa na kitu kimoja. Kuganda. Hicho ninakiweza kuliko mwanamume yeyote mjini humu. Nilipoona Dada Mkuu anachuja embe ulimi ukiwa nje, na Kifaranga anachomeka kijiti chake kwa mikono miwili, nilijiona baba. Na wewe umekuja na mkoba wako wa kliniki ukakiangalia kitu hicho, ukaona mkate.

Hasira yako najua itapoa. Yangu sijui.

Kesho ni Ijumaa.

Baba Watoto


Ijumaa, 23 Februari

Kwa Mama na Baba,

Nimeandika barua hii mara mbili, maneno sawasawa, ili asiseme mtu kwamba mwenzake ameandikiwa vizuri zaidi.

Barua zenu zote nimezisoma. Huwa mnaziba kwa mate, zinafunguka zenyewe. Ile ambayo Mama aliiacha kwa mchomeleaji, aliiandika kwanza hapa nyumbani akakosea akaitupa, nikaiokota. Ya Baba ya Jumapili na ya jana nilizipokea mlangoni, na ile aliyoibeba Mjomba niliisoma akiwa anakunywa chai.

Baba hakunifundisha uongo. Alisema tu, "Mama asijue, atahuzunika." Uongo nimeutunga mwenyewe. Nilijua Mama akijua tutakatazwa kwenda, na Baba akijua Mama amejua atavunja kitu. Na yote mawili yametokea. Kwa hiyo mimi nilikuwa sahihi na ninyi mnanigombania kama nina kosa.

Mama, sili kucha kwa sababu ya Baba peke yake. Baba, sili kucha kwa sababu ya Mama peke yake. Mwalimu alitufundisha ile methali ya mafahali wawili na nyasi. Darasa zima likaimba. Mimi nilitoka nje.

Na jambo lingine. Zile barafu za matunda si tamu. Za embe kidogo, lakini zikishaganda utamu unapungua, sijui kwa nini. Kifaranga hapendi papai. Hajaanza kulipenda. Ile siku alipiga yowe kwa sababu lilimgandia ulimini. Alikula kwa sababu Baba alikuwa ameinama mbele yake anamwangalia mdomo. Mimi nilimfinya ale. Akamaliza, Baba akafurahi, tukaona basi kila wiki tule. Halafu Baba akaandika kwenye barua kwamba analipenda, na Mama akaanza kumnunulia papai na hapa. Kifaranga anakula papai nyumba mbili kwa sababu yenu.

Mimi napenda kutengeneza. Kula sipendi. Lakini kutengeneza pia sasa sitaki.

Kuanzia leo sibebi barua. Mkoba wangu ni wa shule. Kama mna neno, tafutaneni. Na Ijumaa hii siendi kwa Baba, na kwa Mama pia sitaongea. Kifaranga ataongea, yeye ni mdogo, hajui.

Binti yenu


Ijumaa hiyo hiyo, jioni

Baba Watoto,

Naandika haraka, ninaileta mwenyewe nimpe mchomeleaji, maana tarishi wetu amegoma.

Nadhani na wewe umepata yako. Mimi nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni na papai mkononi. Nilikuwa namkatia.

Sitaandika mengi. Nimekasirika, na safari hii sijui nimkasirikie nani, ndiyo maana nimekasirika zaidi. Mimi ninayejisifu kwamba mtoto akiwa na sabuni hanidanganyi! Nimelishwa uongo kwa kijiko na mtoto wa miaka kumi, na wewe umelishwa kwa kijiti.

Watoto hawatalala kwako. Neno langu halijabadilika. Lakini kesho nina zamu kliniki kutwa, na Jumamosi zote za mwezi ujao, nimeomba mwenyewe. Ufunguo utakuwa kwa jirani wa ghorofa ya chini. Uje asubuhi, ukae nao mpaka nirudi. Jiko lipo. Uwapikie chakula cha moto, chochote, wakae mezani na baba yao kama watoto wa watu. Tusikutane. Nikirudi uwe umeondoka, bado siwezi kukutazama.

Friji yangu haigandishi tangu mwezi ulioondoka. Nisingekuambia hata kwa kushikiwa panga.

Usiwalazimishe kutengeneza chochote.

Mama Watoto


Jumamosi, 24 Februari
(imeachwa mezani)

Mama Watoto,

Usifikiri yameisha. Nimeingia kwa ufunguo wa jirani kwenye nyumba ambayo rangi yake nilipaka mimi, na jirani akanitazama juu hadi chini kama mwizi wa kuku. Nimeyameza.

Mpira wa mlango wa friji ulikuwa umechanika, nimeubadilisha. Usifungue mpaka asubuhi. Ndani nimeweka chupa za maji tu.

Papai nimempa jirani. Nilimuuliza Kifaranga ana kwa ana, "Unalipenda?" Akamtazama dada yake kwanza. Dada yake akatazama dirisha. Kisha akasema, "Hapana, Baba," akanikimbia akaingia chini ya meza, akidhani nitakasirika. Kwani nimewahi kumkasirikia mtoto huyu kwa jambo hilo? Nimekaa sakafuni muda mrefu ndipo akatoka. Sasa ninajiuliza ni mangapi mengine wanayoyameza kwa ajili yetu. Nawe jiulize.

Nimepika wali, maharage na mboga. Mkono umesahau. Kifaranga amekula akalala kwenye kiti. Dada Mkuu hakuniongelesha tangu asubuhi, hata salamu, kila nikimwita anainamisha uso kwenye kitabu. Nilimpakulia, nikakaa mbele yake, halafu nikakumbuka barua yake, nikageuka nikatazama ukuta ili asione kama namwangalia mdomo. Nikamsikia anatafuna. Akala nusu. Akaisukuma sahani.

"Chumvi imezidi," akasema.

Nikaionja. Ilikuwa imezidi kweli. Nimemwambia asante, nikaenda kusimama kwenye choo chako mpaka nikaweza kurudi.

Kilichobaki kiko kwenye sufuria. Ongeza maji.

Baba Watoto